Povu Nililolifuta

Mwanangu, ipo siku moja kule Al Quoz, mtaa wa magereji, ambayo kila nikiikumbuka mkono wangu hupunguza kasi wenyewe. Nilikuwa na mwaka mmoja tu Dubai, nimetoka Korogwe, na nilitaka gereji nzima ijue kwamba mimi ni fundi mwepesi. Wepesi ni sifa njema kwa mkimbiaji. Kwa fundi, ngoja nikueleze.

Siku hiyo alinijia Barasa, Mkenya wa Kakamega, ambaye kampuni yetu ilimpa kazi ya kuosha maegesho ya magari kwa mashine ya presha. Injini yake ndogo ilikuwa imeishiwa nguvu, na mafuta yalichuruzika pale kichwa cha silinda kinapokalia bloku.

"Fundi, hii kitu inapumua kama mzee amepanda ngazi," akaniambia. "Nisaidie, kesho niko nayo kazini kule Marina."

Nilijua ugonjwa wake. Katikati ya vyuma vile viwili hukaa gasketi, bamba jembamba linalozuia moto na mafuta visipenye nje. Ikiungua, injini hupoteza pumzi. Kuibadilisha si kazi ngumu, ila haitaki ujanja. Nyuso zote mbili husafishwa mpaka ukucha usikwame popote, kichwa hupimwa kwa rula ya chuma kisije kuwa kimepinda kwa joto, na bolti hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, ya pembe hii kisha ya pembe inayoikabili.

Mimi nilikwangua juu juu. Kichwa sikukipima. Nikapaka gundi nyingi ifunike uvivu wangu, nikakaza bolti ya kwanza mpaka mwisho kabla ya kugusa ya pili. Mzee Haji, fundi wetu mkuu, Mzanzibari mpole, alikuwa ametufundisha kuwasha injini ingali baridi na kumwagia kiungo maji ya sabuni, maana panapovuja patatoa povu. Nikamwaga. Upande mmoja povu likachemka, dogo tu, kama la mdomoni mwa mtoto mchanga. Nililiona, mwanangu. Nikachukua tambara nikalifuta, nikamwita Barasa aje achukue mashine yake.

Siku ya pili ikafa akiwa kazini. Arbab, yaani bosi wetu, alikuja amekasirika, akasema Barasa ameiendesha bila mafuta ya injini mpaka ikaungua. Khalas, imekwisha, viza ifutwe, arudi kwao. Barasa aliapa kwamba hupima mafuta kila asubuhi, lakini nani angemsikiliza, naye ana miezi minne tu nchini? Mimi nilisimama pale pale, nikajiambia huenda kweli alisahau. Moyo wenye hatia haukosi wakili.

Mzee Haji akaifungua injini mezani, kisha akaniita. Hakupandisha sauti.

"Hebu pitisha ukucha wako hapo."

Nikapitisha. Ukakwama kwenye mabaki ya gasketi ya zamani. Kando yake palikuwa na mstari mweusi, moto ulipojitobolea njia.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Chuma kishanambia chake, mwanangu. Nakungojea wewe. Nami sitakusemea."

Nilikwenda ofisini, nikamweleza arbab yote, hata povu. Alinifokea mpaka majirani wakachungulia. Akaniondoa kwenye injini, nikawa naosha vipuri kwa dizeli msimu mzima wa joto. Lakini Barasa alibaki.

Nilipomwendea kumwomba radhi, nilijiandaa kwa matusi. Alitikisa kichwa.

"Ungeniambia tu, ndugu yangu," akasema. "Ningengoja."

Neno hilo lilinichoma kuliko kelele za arbab. Haraka yote ile niliitaka mwenyewe; mwenye mashine angengoja. Jioni ile Mzee Haji alinikalisha, akatandika msasa juu ya kipande cha kioo, akanionyesha namna ya kukisugua kichwa taratibu mpaka kinyooke. Injini ile ile ikarudi kazini.

Basi, mwanangu, kukosea kazi si aibu. Sote tulijifunzia kwenye mashine za watu. Aibu ni kuliona povu ukalifuta. Ukiliona, fungua tena, hata kama mwenyewe amesimama mlangoni. Mwambie, "Bado, nipe muda." Wengi watakupa. Na kosa lako likimwangukia mwenzako, usingoje kuitwa. Huku ugenini mtu hana mjomba wala shangazi wa kumtetea. Ana ukweli wako tu.

Mungu akupe jicho la kuona panapovuja na ulimi wa kupataja. Aibariki mikono yako, na kila unachokifunga kifungike.