Mabaharia Wanampungia Nani?

Ummy alikuwa fundi mapazia pale Makanyagio, na fundi mapazia hakiamini kitu kilicho peke yake. Pazia huja jozi. Kwa hiyo mumewe, Seleman, alipoingia na picha ya mashua ya tanga iliyochorwa na Mrusi, akasema kainunua kwa mzungu wa madini wa Litapunga aliyekuwa akiuza vyombo arudi kwao, Ummy alishukuru kwa mdomo tu. Macho yake yalikuwa kwa mabaharia. Wote watatu walikuwa wamegeukia kulia, wanapunga mikono kwa furaha, na huko kulia hakukuwa na mtu. Kulikuwa na fremu.

"Hawa wanampungia nani?" akauliza.

"Wanaipungia bahari, Mama Bashiru. Wazungu ndo walivyo."

Ummy akaguna. Mtu mwenye akili zake haipungii bahari mkono. Picha ile ilikuwa na mwenzake, na mwenzake alikuwa kwenye ukuta wa mtu.

Raha ikamtoka. Seleman alikuwa mnunuzi wa mpunga, na safari zake za Mwamkulu ndizo zilizowalisha. Lakini siku hizi alikwenda hata mpunga ukiwa bado kijani shambani, tena kajipulizia marashi. Tangu lini mpunga ukamnusa mtu? Na tumpe haki yake Seleman: alikuwa mtu wa swala tano, hamdhulumu hata kuku wa jirani. Hilo ndilo lililomuumiza Ummy zaidi. Mwanamume wa namna hiyo akiwa na nyumba mbili, hathubutu kununulia moja akaacha nyingine.

Akaamua kumtega. Akashona mapazia ya buluu, rangi ileile ya bahari ya Mrusi, akayatundika karibu na picha. Yakapendeza kweli. Seleman akayasifu, akanywa chai, akayasifu tena, kisha akaanza kukizungusha kikombe mezani.

"Hebu shona na mengine kama haya. Kuna mteja Mwamkulu."

Muda wote Ummy alikuwa akimwomba Mungu mumewe asiseme neno hilo.

"Mteja gani?"

"Mteja tu, wa kawaida."

"Basi nitampelekea mwenyewe, nipime na madirisha."

"Aa, usijisumbue! Barabara yenyewe ile mbovu!"

Mapazia yalipokamilika, Ummy alimsubiri mumewe atoke kwenda sokoni, akapanda bodaboda. Mwamkulu hakupata shida ya kuuliza. Kwa Seleman wa mpunga? Nyumba ile yenye bati jipya. Akabisha hodi, akafunguliwa na mwanamke wa Kisukuma mwenye mimba kubwa. Nyuma yake, ukutani, mabaharia watatu walikuwa wamegeukia kushoto, wanapunga mikono.

Ummy alikuwa amekuja na matusi ya kutosha kata nzima. Yote yakamkauka kinywani.

"Karibu dada, mi naitwa Kabula," mwanamke akasema, akimtazama kwa wasiwasi. "Au wewe ndo yule mteja wake wa Makanyagio?"

"Mteja?"

"Akilalaga huko ananiambia kuna mteja wa mchele. Nikamuuliza hawa kwenye picha wanampungia nani, akasema bahari. Sikumwamini."

"Mimi ni mke wake."

Kabula akashika mlango. "Mke wake si alifariki? Ndivyo alivyowaambia wazee wangu siku ya kutoa ng'ombe. Baba alimpa na pole."

Ummy akakaa hapohapo kizingitini. Uke wenza alikuwa amejiandaa kuusikia, uchungu wake anaujua kwa mashangazi. Kuzikwa akiwa hai, mumewe akapewa na pole, hakujiandaa. Akalia kwa sauti, na Kabula akakaa karibu yake akalia pia.

Walipomaliza, Ummy akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Ishushe hiyo picha, mdogo wangu. Twende."

Alasiri Seleman akarudi nyumbani Makanyagio, kapakata tikiti maji. La pili alikuwa amelificha dukani kwa rafiki yake. Akavua viatu, akasukuma mlango. Mashua mbili zilikuwa zimetundikwa ubavu kwa ubavu, na mabaharia hatimaye walikuwa wakipungiana wao kwa wao. Chini yao walikaa wanawake wawili, wanakunywa chai.

"Asalaam aleikum," akasema.

Marehemu ndiye aliyeitikia.