Hajamaliza

Wallahi, hadi leo nikikumbuka ile spika mwili unanisisimka! Lakini ngoja nianze na ndugu yangu, maana bila yeye hiyo spika ni kitu gani?

Huzaifa ndiye kitinda mimba wetu, fundi wa pikipiki hapa Kitale, karibu na msikiti. Watu wa boda wanatoka Endebess, wanapita gereji nyingine zote, wanamfuata yeye. Mikono yake ni myepesi, ulimi ndio mzito. Ana kigugumizi, na si kile cha ta-ta-ta ambacho watu wanapenda kuigiza. Chake ni cha kufungwa. Neno linafika kooni, taya linakaza, sauti haitoki hata kidogo. Basi watu wanaanza: "Pumua, bana." "Tulia, usiwe na haraka." Ati apumue! Kwani miaka hiyo yote amekuwa akiishi bila kupumua? Mimi Nimo nauza mitumba sokoni na sina subira. Nimeshafukuza wateja wangu mwenyewe kwa sababu walimcheka.

Yeye hana ugomvi na mtu. Ana ujanja wake. Neno likimgomea, analikwepa anatafuta lingine. Hotelini anatamani maharagwe, M inamkazia, anaagiza ndengu na anakula bila kunung'unika. Simu ikilia anatanguliza "ee bana, ee bana" mpaka njia ifunguke. Kuna wanaokata kabla hajafika popote, na siku kama hizo anashinda gereji bila kuongea na mtu. Inaniuma sana.

Mchumba wake, Mulki, alimpata Bungoma. Huzaifa alikuwa ameenda kuchukua vipuri, akapitia duka la dawa kumnunulia mama dawa ya macho. Msichana wa kaunta akamuuliza anataka nini. Taya likakaza. Foleni ikaanza kulalamika, mzee mmoja akapiga kelele, "Si umpe tu ya kichwa aende!" Yule msichana hakumgeukia mzee. Alimtazama ndugu yangu tu, akasema, "Wacheni amalize." Na akamaliza. Tangu siku hiyo macho ya mama yakawa yanahitaji dawa mpya kila wiki, na dawa yenyewe haipatikani Kitale nzima, ati mpaka Bungoma!

Shida ilikuwa moja. Mulki ni M. Uchumba wote ule ndugu yangu hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "wewe", alimwita "daktari", na msichana wa watu alicheka akaitika. Lakini siku moja alikuja kwetu, tuko jikoni wawili tu, akaniambia, "Dada Nimo, natamani hata mara moja aniite." Nikageukia sufuria asinione machozi.

Harusi ikapangwa, na hapo moto ukawaka. Kwenye nikaha hakuna kukwepa. Sheikh anakuoza, na wewe unajibu kwa maikrofoni mbele ya wakwe: "Nimekubali kumuoa Mulki binti Zahid." Utabadilisha neno gani hapo? Utamwambia sheikh "ee bana"?

Mjomba Hamdun akasema, "Mimi nitakuwa wakili wake, nijibu kwa niaba yake. Nimemuuliza sheikh, dini inaruhusu. Ama mnataka kijana aaibike?"

Nikamwambia, "Mjomba, kwa heshima zako zote, hapa anayeona aibu ni wewe."

Eh! Tulitupiana maneno mpaka mama akatishia kututoa nje wote wawili. Kisha Huzaifa akasimama. Tukamngoja. Shingo ilimvimba, halafu ikatoka: "Nitajibu mwenyewe."

Siku yenyewe ikafika. Bungoma, wanaume wameingia msikitini, sisi wanawake tuko ng'ambo ya barabara kwa Mzee Zahid, tumejaa sebuleni, bibi harusi katikati amefunikwa mtandio. Spika kubwa iko ukutani tusikie ya msikitini, na fundi wa sauti, kijana wa mtaa anaitwa Khaemba, amesimama mlangoni kuiangalia. Tukamsikia sheikh vizuri kabisa: "Huzaifa, nakuoza Mulki binti Zahid kwa mahari mliyokubaliana."

Kimya.

Mimi nilijua. Wengine wakaanza kuulizana kama stima imepotea. Khaemba akagonga spika, akatikisa waya. "Kebo imekufa, mama. Ngoja nichomoe niweke ingine." Na akashika plagi!

Niliruka mkeka mzima, nikakanyaga mguu wa shangazi wa mtu, nikamkamata mkono. "Ukichomoa hiyo kitu tutazikana leo!"

"Lakini madam, si haina sauti?"

"Iko nayo! Sikiliza!"

Akasogeza sikio. Ndani ya spika kulikuwa na pumzi, ya mtu anayesukuma kitu kizito. Khaemba akaachilia plagi taratibu. Tukangoja. Nikasema ya Rabi, ya Rabi.

"Nimekubali!"

Weee! Vigelegele viliezua bati! Nilimkumbatia Khaemba wa watu bila hata kufikiria. Huko msikitini sheikh akasema kwa upole, "Yatosha, mwanangu. Imetimia." Na kweli ilikuwa imetimia, neno lenyewe ni hilo. Sinia za halua zikaanza kuinuliwa.

Hapo Mulki akapaza sauti kutoka ndani ya mtandio. "Nyamazeni! Hajamaliza!"

Shangazi yake akamfinya. Bibi harusi hapigi kelele siku ya nikaha. Akarudia bila kujali: "Nimesema hajamaliza!"

Sinia zikashuka. Spika bado iko kimya. Halafu ikasema, "Kumuoa." Ikafungwa tena. Lo, ile M! Nilikuwa nayo mdomoni mwangu mwenyewe, imenijaa mpaka mashavuni, nikauma ncha ya shela nisije nikamsemea. Msikitini hakuna aliyekohoa. Mjomba Hamdun mwenyewe, na mdomo wake wote ule, alinyamaza. Yule mtu alikuwa ameshaoa, hakuna aliyemdai neno lingine, na bado alikuwa pale anasukuma.

"Mulki!"

Hakulisema kwa upole. Alilipiga kelele kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. "Mulki binti Zahid!"

Na bibi harusi, mbele ya shangazi zake wote, akaigeukia ile spika, akafunua mtandio, akaitika kwa sauti ya kusikika barabarani:

"Naam!"