Kule Nyamwaga Alikula Vyura

Mwanangu, iko siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka. Ni siku mama Auma alipofunga mizigo yake akaondoka kijijini kwetu.

Miaka ile ya ujamaa tulihamishwa kutoka milima ya Nyamwaga, tukashushwa chini karibu na Mto Mara. Sisi Wakurya wa milimani tulijua ng'ombe na ulezi. Samaki hata kumpara magamba tulikuwa hatujui. Aliyetufundisha ni jirani yetu mpya, mama Auma, mjane Mjaluo aliyetoka kando ya ziwa. Alimwonyesha baba yangu, mzee Mwita, kusuka migono, ile mitego ya matete unayoilaza majini jioni na kuiinua asubuhi. Mama yangu alikuwa mgonjwa mwaka ule, na mchuzi wa samaki ndio pekee uliomshuka kooni. Nilimpenda sana mama Auma, sikufichi.

Basi migono ya baba ikaanza kutoka mitupu. Kwa kuwa mama Auma ndiye aliyetangulia mtoni kila alfajiri, baba akamshuku, akampeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Sote tukakusanyika.

"Baba Bhoke, ni yule nyoka mweusi wa maji," mama Auma alisema, akimwita baba kwa jina langu. "Kwetu ziwani anakula samaki."

Baba akacheka, kicheko kibaya. "Nyoka huyo nimekua naye kwenye vijito vya Nyamwaga. Chakula chake ni vyura. Usinifundishe nyoka wa kwetu."

Wala hakudanganya, mwanangu. Kule juu alikula vyura kwa sababu vijito vyetu havikuwa na samaki. Wote tuliotoka milimani tulimjua hivyo, na wote wakamwamini baba. Mama Auma hakupigwa wala kutukanwa. Aliachwa tu, akisalimia, watu wanaitikia huku wanageuka. Mwishowe akachukua wanawe akarudi ziwani.

Mvua zilipoanza, baba aliinua mgono mmoja akamkuta nyoka yule yule ndani, mkia wa samaki ukimning'inia mdomoni. Hakumuua. Alikaa kwenye matope, akiwa mtu mzima na akili zake, mpaka nikaenda kumshika mkono.

Alifunga safari kwa miguu kwenda kuomba radhi, na mbuzi wa kuombea. Akarudi na mbuzi wake. Mama Auma alikuwa ameshazikwa. Binti yake alimwamkia shikamoo, akamtengea ugali, kisha akasema, "Mama alituagiza ukija tukupe chakula, ila tukwambie hakuiba." Baba alisema aliliacha tonge lile sahanini. Tangu hapo hakutega tena, mchuzi ukakoma, na mama yangu naye hakumaliza mwaka.

Sasa wewe unakwenda kuishi ugenini, nisikilize. Ulichokijua kwenu kilikuwa kweli kwenu. Ukifika kwa watu, kiulizie upya, hata kama unakiona kwa macho na jina lake unalijua. Mwenyeji akikwambia huku mambo ni hivi, nenda ukaangalie kwanza, usimcheke. Na usimwite mtu mwizi kwa ujuzi uliokuja nao.

Nenda na amani. Mungu akulinde njiani, akupe majirani wema, na siku utakapomkosea mmoja wao, akujalie umkute bado yu hai.