Mkalimani wa Newala

Mkalimani husimama hatua moja nyuma ya Mwalimu Ambakisye, mikono mgongoni, kofia kwapani. Tangu chuo kikuu kianze kuleta mihadhara Newala, mwaka huu wa sabini na mbili, mwalimu hajamsikia akirefusha neno lake wala kulifupisha. Vita vya ng'ambo ya Ruvuma, alikotoka mkalimani, vikitajwa, yeye humeza mate kwanza, kisha hutafsiri kwa sauti ileile kavu. Jumamosi hiyo somo lilikuwa dini na sanaa. Mwalimu alifungua sanduku akainua lipiko, kinyago cha kuvaliwa kichwani ngomani, ambacho siri yake ni ya wanaume waliopita jandoni, mbele ya ukumbi mzima. “Humu ndani huwa mtu tu,” alisema, “si mzimu.” Wanawake wachache waliojua Kiswahili wakaficha nyuso kwa khanga. Mkalimani hakumeza mate. Alivua koti lake, akakifunika kinyago mikononi mwa mwalimu, kisha akasema kwa Chimakonde, polepole, maneno mengi kuliko yote aliyopata kusema. Khanga zikateremka.

“Umewaambia nini, mzee?” mwalimu alinong'ona.

“Kwamba unawaomba radhi. Sasa inama, Mwalimu. Wanangoja.”