Konokono wa Mwalimu Nukta

Chuoni walimwita Mwalimu Nukta, kwa kuwa hakuchoka kusema, "Umesahau nukta, ndiyo maana programu imegoma." Jina hilo halikumsumbua. Kilichomnyima raha ni kuwaona vijana wake wakinakili programu ubaoni kama maneno ya lugha wasiyoijua, kisha kwenye mtihani wanashika tama.

Likizo moja akatengeneza mchezo wa kompyuta: konokono aliyepotea kwenye shamba la kabichi. Humsogezi kwa kidole. Unamwandikia maagizo, naye anayafuata yalivyo. Ukikosea, anagonga ukuta na kujikunja gambani.

Wifi yake alimkuta akicheka peke yake mbele ya skrini. "Wifi, hivi kaka yangu kaoa mtu mzima au mtoto?"

"Kaoa wote wawili."

Mkuu wa idara hakucheka. "Mwalimu, wazazi hawakuwaleta hapa kucheza." Akakubali shingo upande, kwa muhula mmoja tu.

Darasa likachangamka. Kisha binti mmoja wa viti vya nyuma, mkimya kama maji ya mtungi, akaanza kupata alama ambazo hata mtunzi wa mchezo hakuzitarajia.

"Anaiba huyo!" wenzake wakapiga kelele.

Mwalimu akamwinamia. "Mwanangu, umefanyaje?"

"Nimefungua programu yenyewe, mwalimu, nikasoma ulivyoiandika. Konokono akigonga ukuta, ulisahau kuzuia alama. Kila akigonga, anaongezewa."

Hasira ikampanda mwalimu. Mchezo ule ulikuwa jasho lake. Halafu ikamjia kwamba binti huyu amesoma programu nzima bila kusukumwa na mtu, jambo ambalo yeye amelihubiri miaka yote bila mafanikio.

"Njoo mbele, uwaonyeshe wenzako."

Akaja, akawapitisha mstari kwa mstari. Waliokuwa wakiguna wakavuta viti karibu.

"Tuurekebishe wenyewe basi," mmoja akasema. Muda wa chakula ukapita, hakuna aliyenyanyuka.

Mtihani ulipofika, wapo waliofaulu na wapo waliobwagwa vilevile. Mkuu wa idara akabaki na shaka zake, ila akaongeza muhula mwingine. Mwalimu naye alikuwa na lake la kuwaza: alidhani utamu wa mchezo ndio ungewafundisha, kumbe waliamka pale walipoona unaweza kufumuliwa.

Kwa hiyo wanafunzi wapya aliwapa mchezo mbovu makusudi, akakaa pembeni akisubiri wa kwanza kulalamika.