Mnazi wa Posa ya Ndugu Yangu

Baba alikuja mjini siku ya Jumatano, na fimbo yake, na mboko wake mwenyewe ndani ya mfuko wa plastiki. Mboko ni kibuyu kidogo cha kunywea mnazi, lile tembo letu, na huo wake alikuwa nao tangu akiwa mgema kwetu Kaloleni, kabla magoti hayajamkataza kupanda minazi. Nilimwambia mjini kuna bilauri. Akasema bilauri ni za kumezea dawa.

Kilichomleta ni posa ya ndugu yangu mdogo, iliyokuwa ifanyike Jumamosi. Kwetu sisi, upande wa mume ndio upelekao mnazi, na mzee aliyeupeleka hunywa wa kwanza mbele ya wakwe, ili ijulikane hakuna ubaya uliotiwa ndani. Kisha hutamka, kwa sauti ya kusikika mpaka uani, kama ni mtamu. Hapo ndipo maneno ya posa yanapoanza. Ukitamka mtamu na wakwe wakakuta siki, hakuna atakayekufukuza. Watatazamana tu, na kule kutazamana utakukuta tena kwenye matanga ya wajukuu zako. Na mkwe wetu mtarajiwa, ingawa siku hizo alikuwa mfanyakazi wa reli, ujana wake wote aliumalizia juu ya minazi. Huyo hadanganyiki.

Baba mdogo alikuwa ameshasema wazi kwamba kaka yake amezeeka, kazi ya kuonja na kutamka aachiwe yeye. Baba akamjibu kwamba yaliyozeeka ni magoti, na magoti hayanywi. Ila nilimwona alivyoshika fimbo wakati akilisema hilo. Mtu aliyekuwa akiitwa vijiji vitatu kuamua mnazi upi ni upi, ukimwondolea hilo, unamwachia nini? Ng'ombe hakuwa naye hata mmoja. Nilihesabu.

Basi tukapanga Alhamisi tuzunguke mangwe za kisiwani, yaani vilabu vya mnazi, tuonje, tuchague, tuagize. Mimi wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa mama karanga: nanunua samaki Liwatoni, nakaanga, nawauzia wanywaji mangweni. Sikuwa mnywaji. Nilionja mnazi kama mpishi aonjavyo mchuzi, nijue beseni langu lijae nini. Mnazi wa alfajiri, ambao bado ni sukari, unataka tafi aliyekaushwa vizuri, mwenye chumvi na ndimu. Ukianza kuuma ulimi, mpe pweza. Ukishakuwa mkali wa kukunja uso, hapo ni papa mkavu tu, kwa sababu papa hashindani na mtu, anashinda.

Tulianzia Liwatoni. Mvuvi alinihesabia tafi ishirini. Nikahesabu upya, kumi na tisa. Akasema wa ishirini ameruka. Nikamwambia amwite, nitangoja. Akamwita kutoka kwenye ndoo ya mwenzake.

Mangwe ya kwanza ilikuwa nyuma ya hapo, mabao manne ya kukalia na paa la makuti. Baba alimiminiwa kwenye mboko wake. Akautazama kwanza, povu linavyokaa. Akautikisa sikioni kama mtu anayesikiliza saa. Akanusa, akanywa kwa mrija wake wenye kichujio, akafumba macho. Kisha akanipa mimi.

"Huu ungeupa samaki gani?"

Nikaonja. "Pweza."

"Pweza," akasema, akamgeukia muuzaji. "Wa jana jioni huu, mmeuchanganya na wa leo."

Muuzaji akaweka mtungi chini. "Mzee, kwani ulikuwa nasi juu ya mti?"

Niliona fahari mpaka nikasahau kudai chenji yangu, jambo ambalo halikuwa limenipata tangu niingie biashara.

Ya pili ilikuwa karibu na Feri, kwenye kichochoro juu ya barabara, palipojaa watu wanaongoja kuvuka waende Likoni na wengine wanaosema wanangoja kuvuka. Baba alifanya yale yale: povu, sikio, pua, mrija, macho. Akanipa.

"Samaki gani?"

"Tafi, baba. Tafi bila ubishi."

"Wa alfajiri ya leo," akamwambia mwenye mangwe, "na mti wake mchanga." Mwenye mangwe akakubali kila neno. Nikapatana naye bei ya madumu mawili ya Jumamosi, nikamshusha mpaka akaniuliza kama ninalipwa kwa kumtesa. Mimi niliona tumemaliza. Baba akasema bado mangwe moja, kuonja ni mara tatu, mara mbili ni kubahatisha. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili nililimeza hilo.

Tulikata kupitia Kuze, kwa kuwa nilikuwa na mteja huko, bibi mmoja mtengenezaji wa achari, na vile vichochoro vina kivuli. Mboko wa baba niliufunika kwa leso. Kuze ni watu wa dini na wa heshima, huwezi kuwapitishia kibuyu cha mnazi mlangoni kana kwamba ni uji.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu aliyekufuata?"

"Ni baba yangu."

"Karibu, baba. Ngoja nimwonjeshe mgeni." Akamtilia kijiko cha achari ya ndimu, ile yenye pilipili ambayo mimi huigusa kwa ncha ya kidole. Baba akaitia yote kinywani, akatafuna taratibu, akameza. Yule bibi akamtazama usoni, kisha akanitazama mimi. "Mtazame, hata matozi hayamtoki. Babako ana ulimi wa chuma."

"Kwetu pilipili ni tunda," nikasema. Tukacheka, mimi na bibi. Baba akashukuru kwa adabu, akasema ni nzuri sana.

Mangwe ya tatu ilikuwa Majengo, kwa mama mmoja mwenye mdomo kama wangu, ndiyo maana tulipendana. Palikuwa na wanywaji saba, wengi wakinijua. Alitumiminia kutoka dumu la pembeni. Baba akautazama, akautikisa, akanywa, akafumba macho. Akanipa. Nilipoonja, masikio yaliniuma. Ilikuwa siki tupu, unaweza kung'arishia sufuria.

"Huu samaki gani?"

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja. Kitu kikiwa kibovu kabisa, sisemi kibovu, nakisifu. Na uso wangu nauacha mkavu, kwa sababu mfanyabiashara akiachia uso ameachia na bei. Wale wanywaji walinijua kwa hilo, na nilitaka wacheke.

"Huu?" nikasema. "Huu tafi, baba. Tena tafi mchanga, wa kutia mtoto kwenye uji."

Wakacheka, na mwenye mangwe akacheka. Baba akasimama, akaegemea fimbo, na kicheko kilikuwa hakijaisha aliposema kwa ile sauti yake ya kutamka, ya kufika uani:

"Ndio huu. Huu ndio mtamu kuliko yote. Umegemwa leo kabla ya jua. Jumamosi tutapeleka huu."

Nilisikia mafuta yakichemka kwenye karai la jirani.

Mwenye mangwe ndiye aliyezungumza, kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao. "Mzee wangu, huo ni wa juzi. Nimewapa mpate kulinganisha. Wa leo bado haujafika."

Mnywaji mmoja wa nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Na huyu ndiye mgema."

Baba alikaa. Aliuchukua mboko kwenye mkono wangu, akautazama ndani muda mrefu, kisha akaumwaga wote chini, akaufuta kwa upindo wa shati. Sikumbuki niliaga vipi. Beseni la samaki nililokuja nalo nililiacha, alinirudishia yule mama kesho yake, na hakuna aliyekuwa amegusa kitu.

Tulitembea mpaka karibu na nyumba yangu ndipo baba aliposema.

"Tangu ile homa ya masika. Nilipona, chai ikawa maji. Ugali ukawa karatasi. Nikasema itarudi."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ningekuambia wewe, baba yako mdogo angejua kabla jua halijachwa. Povu naliona. Sauti yake naisikia. Utamu na ukali ndio nilikuwa nakuuliza wewe."

"Ule ulikuwa mzaha."

"Najua sasa." Akatembea hatua kadhaa. "Wenzio walicheka. Ulikuwa mzaha mzuri."

Nilimwambia yote ambayo mtu husema akitaka kurudisha kitu kilichomwagika. Kwamba mnazi wa Feri ni mtamu kweli, nimeuonja kwa kinywa changu. Kwamba Jumamosi nitakaa karibu na mlango, nitamtikisia kichwa, atamke tu, wakwe hawatajua lolote. Nilipatana naye kama nisivyowahi kupatana na mtu, na sikumshusha hata thumuni.

"Nani ameuonja?" akaniuliza.

"Mimi, baba."

"Basi nikitamka, nitakuwa natamka ya kinywa chako. Yule mkwe ni mgema. Nitamdanganya mgema?"

Usiku huo alimtuma ndugu yangu kwa baba mdogo. Sikusikia alimwagiza maneno gani.

Jumamosi tulikwenda kwa wakwe na madumu mawili ya Feri. Mimi nilikuwa uani na wanawake, nakaanga tafi, na mlango ulikuwa wazi. Baba mdogo alisimama, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, akanywa, akatamka mtamu. Sauti yake ilikuwa nzuri, haikuwa na kosa lolote, na nilimchukia kwa hilo. Mboko ukazunguka. Mkwe akanywa, akakubali kwa kichwa, wote wakapiga makofi. Kisha akamgeukia baba, kwa heshima ya mgema kwa mgema, akamwuliza mbele ya watu:

"Na wewe, mwenzangu, wasemaje?"

Baba alikuwa ameketi mwisho wa mkeka, fimbo mapajani. Alikunywa mnazi uliokuwa mkononi mwake mpaka ukaisha, bila haraka.

"Mimi," akasema, "nimekuja kumsindikiza mdogo wangu."