Pini ya Mzinga wa Kaka

Siku ya nne ya Mfunguo Mosi, siku tatu baada ya Idi, mwaka juzi, nilimpoteza kaka yangu. Alikufa kwa figo, kitandani hospitalini, mchana. Naanza na hilo kwa sababu wako waliosema mzinga ndio uliomuua, na si kweli. Mzinga haukumgusa. Ninayoyaandika hapa ni mambo mengine, na kuyaandika kunanipa aibu.

Kaka alikuwa fundi wa kukereza chuma kwenye karakana ya meli bandarini. Mimi niliishia darasa la sita, nasafisha vyumba vya wanafunzi wanaopanga mtaa wa Glenwood. Tulikaa jirani, huku Chatsworth, ukuta kwa ukuta. Uani kwake ndiko alikoutengeneza ule mzinga, kidogo kidogo, Jumapili baada ya Jumapili. Haukuzidi urefu wa mkono wangu. Haukutupa kitu chochote, ulitoa kishindo tu, kwa ajili ya futari. Sauti ya muadhini ilikuwa haifiki vizuri kwenye nyumba za bondeni, ndiyo maana wazee wa msikiti walimwomba atafute njia, wakaenda wenyewe kituoni kuwaeleza polisi. Tangu hapo mtaa wetu ulishika desturi yake: watu wa bondeni walikaa na tende mkononi wakisubiri kishindo. Hata waliokuwa na saa walisubiri.

Mzinga ule ulijazwa kwa nyuma, siyo mdomoni. Nyuma kulikuwa na mlango mdogo mzito wenye mkono wa kuzungusha. Unafungua, unaweka baruti, unafunga, unazungusha mkono mpaka mwisho, halafu unavuta kamba ukiwa hatua chache nyuma yake, nyundo inaanguka. Mimi nilikuwa namshikia tochi na kumwoshea vyuma, kwa hiyo nilimwuliza mlango ule ni wa nini, si angejaza mbele tu kama mizinga ya kwenye picha.

"Mbele ni lazima usimame mdomoni kwake," alisema. "Mimi na mdomo wa mzinga hatujazoeana."

"Na nyuma je?"

"Nyuma kuna mlango, dada. Mlango usipofunga vizuri, moto unarudi kwa aliyesimama nyuma. Na huyo ni mimi."

Ndipo akanionyesha pini. Ilikuwa kipande cha chuma kinene kama kidole changu cha mwisho. Ilikaa kwenye njia ya nyundo, na haikusogea mpaka mkono wa mlango ufike mwisho kabisa. Mlango ukibaki wazi hata kidogo, vuta kamba utakavyo, nyundo inagonga pini na kukwama.

"Mtu amefunga tangu alfajiri," alisema. "Kiu imembana, watu wanamkodolea macho. Hapo akili yake si ya kutegemewa. Kwa hiyo nimeiweka akili kwenye chuma."

Aliipenda pini ile kuliko mzinga wenyewe. Kila mgeni alionyeshwa, kisha akarudishwa nyuma ya mstari wa chokaa aliouchora kwenye zege. Alikuwa pia na sharti moja ambalo watu walilichukia: kamba ikivutwa na kishindo kisitoke, hakuna kusogea, hakuna kufungua mlango. Watu wafuturu kwa adhana, mzinga uachwe ukitazama kilimani mpaka baada ya Isha. Watu walinung'unika, lakini walimheshimu. Fundi yule, walisema, hana haraka.

Ramadhani yake ya mwisho alikuwa tayari amevimba miguu. Jioni moja alifunga mlango, akazungusha mkono, ukagoma karibu na mwisho. Akafungua, akapangusa, akafunga tena. Ukagoma palepale. Jua lilishazama. Chini bondeni watu walitoka nje kutazama juu, na wanaume waliokaa kwenye ukuta wa ua wakaanza kumtania.

"Fundi! Leo tunafuturu na Idi?"

"Mpelekeeni uji, nguvu zimemwisha!"

"Eish, baba, zungusha, siyo mlango wa benki huo!"

Kaka alicheka nao. Mimi nilitazama chini, maana niliona shingo yake inavyotoka jasho. Muadhini alichoka kusubiri, akaadhini. Watu wakaingia ndani bila kishindo. Kaka alibaki amepiga magoti kwenye zege, anahangaika na mkono wa mlango, hata tende hakula mpaka nilipomtia mdomoni.

Kesho yake mzinga ulilia kwa wakati. Na siku zote zilizobaki. Watu walimpigia makofi kutoka bondeni, nami nilifurahi kuliko wote. Sikuuliza alifanya nini. Mwaka huo ndio pekee ambao hakunipa vyuma nivioshe. Alisema amekwishaviosha.

Mwaka jana, Ramadhani ilipokaribia, wazee wa msikiti walikuja kwa wifi yangu. Walitaka jioni ya kwanza mzinga upigwe kwa kumkumbuka marehemu, na avute kamba mtoto wake wa kiume. Huyu ni mtu mzima, dereva wa teksi za kwenda Sydenham, mwenye mtoto wake. Tangu baba yake afe alikuwa hacheki. Alipoambiwa hivyo uso wake ulifunguka, nikamwona kwa mara ya kwanza yule wa zamani.

"Shangazi, utanioshea vyuma kama ulivyomwoshea baba?"

"Nitakuoshea."

Siku yenyewe alasiri niliutoa mzinga kwenye gunia, nikachemsha maji. Nikasugua mtutu, nikasugua mlango. Nilipofika kwenye pini, brashi ilipita bila kukwama. Niliitazama karibu. Pini ilikuwa imeliwa nusu. Haikuliwa na kutu. Kutu haina mistari. Hii ilikuwa na mistari ya tupa, iliyonyooka, safi, ya mtu anayejua kupiga tupa. Nilifunga mlango nikauzungusha mkono. Ukagoma pale pale ulipogoma jioni ile. Nikavuta kamba. Nyundo ikaanguka mpaka chini.

Nilikaa kwenye ndoo. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, na nilichosikia moyoni kwanza hakikuwa hofu, ilikuwa aibu. Hakuutengeneza mlango. Aliikata pini. Jioni zote zile tulizompigia makofi, mlango ulikuwa haujafunga, naye alipiga magoti nyuma yake, amevimba miguu, ili asichekwe tena na watu wa ukutani.

Ningeweza kuuficha. Ningeweza kusema umepata kutu, haufai. Niliifikiria kutu hiyo muda mrefu. Lakini kijana angeupeleka kwa fundi mwingine akasafishiwa kutu, akaupiga.

Alikuja na kanzu mpya. Wazee wawili walikuwa tayari uani, na wale wa ukutani wamekaa mahali pao. Nilitaka kumvuta pembeni, hakunipa nafasi.

"Sharp, shangazi? Tuko tayari?"

"Usiupige, mwanangu."

"Kuna nini?"

"Mlango haufungi. Na pini ya baba yako imekatwa."

"Imekatwa na nani?"

Niliweka brashi chini.

"Na yeye mwenyewe," nikasema.

Mmoja wa wazee alishusha pumzi, akasema, "Bibi, marehemu hasemwi hivyo." Kijana alinisogelea mpaka nikanusa sabuni ya kanzu yake.

"Baba yangu? Aliyetufukuza wote nyuma ya mstari kila mwaka? Shangazi, unamvua nguo baba mbele za watu, na yuko kaburini?"

"Mzinga ni mtupu," nikamwambia. "Hauna kitu ndani. Fungua mlango wote, halafu vuta."

Alifungua kwa hasira. Mlango ulining'inia wazi, mtu angeweza kuona mwanga upande wa pili wa mtutu. Akavuta kamba. Nyundo ikaanguka. Ilitoa sauti ndogo tu, kama kijiko kikigonga sahani.

Kijana alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mistari ya tupa, akarudia tena. Mmoja wa wale wa ukutani, yule aliyesema mlango wa benki, alishuka akaondoka bila kuaga.

Muadhini aliadhini. Bondeni nilimwona mama mmoja amesimama mlangoni na watoto, wamekunja ngumi zenye tende, wanatutazama. Nikawapungia mkono kwamba wafuturu. Hawakuelewa. Nikapunga tena.

Baada ya Magharibi nilikuwa jikoni na wifi, tunaosha vikombe. Yeye hakuwa uani, lakini dirisha lilikuwa wazi. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Nilimsikia akipiga tupa usiku ule. Nikamwuliza, akasema anachonga ufunguo wa kabati."

"Ulimwamini?"

"Hatuna kabati lenye ufunguo, wifi."

Akanipa kikombe nikaushe. Nje kijana wake alikuwa amevua kanzu, amebaki na fulana. Alikuja mlangoni, macho mekundu, akauliza msumeno wa chuma wa baba yake uko wapi. Mama yake akamwambia uko chini ya kitanda, kwenye sanduku la zana. Akaenda kuuchukua. Aliporudi alisimama mbele yangu, akanipa tochi.

"Nishikie, shangazi."

Nikamshikia. Alikata mtutu katikati.